Mama Alipojifunza Kukata Kioo

Wiki iliyopita fundi alikuja hapa kwangu Iringa kubadilisha kioo cha dirisha la jikoni. Nyumba ninayoishi ni ya zamani, ina fremu za mbao, si haya madirisha ya alumini ya kuteleza ambayo kila mtu anaweka siku hizi. Alipofungua mfuko wake wa nailoni na kutoa bonge la pati ya kushikizia kioo, harufu ilinifikia kabla sijakiona kitu chenyewe: mafuta ya kitani yaliyokandwa na unga wa chaki, harufu nzito, kama ya karanga zilizokaa muda mrefu kwenye kabati. Nilimwomba anipe kipande. Alinitazama kwa mshangao, akanimegea. Nikaanza kukiviringisha katikati ya viganja mpaka kikawa kama tambi nene, na wanangu wakasimama mlangoni wakicheka, wakidhani mama yao amerudi utotoni. Hawakukosea.

Nilikulia Mbeya, mtaa ulio juu ya Mwanjelwa, pale barabara inapoanza kupanda na magari yanabadilisha gia kwa kelele. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi Tusajigwe ambaye kila mtu aliniita Tusa, na mdogo wangu Lusajo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno. Baba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Ubaruku, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka tulimwona akija na kuondoka, nguo zake zikinukia pumba. Mama aliuza mchele sokoni Mwanjelwa. Alikuwa na mikono myepesi; alikuwa akichota mchele kwa kiganja, anaupuliza, anaumwaga tena, na mteja akishauona ulivyo safi habishani sana.

Nyumba yetu ilijulikana mtaani kwa madirisha yake. Majirani wengi walikuwa na madirisha ya mbao, unayafungua asubuhi chumba kinapata mwanga pamoja na upepo, unayafunga jioni vyote viwili vinaondoka. Baba alitaka vioo. Nimesimuliwa kwamba alivileta kutoka mjini juu ya mkokoteni, amevilaza katikati ya magodoro, na yeye akatembea kando yake njia nzima akiwa ameweka mkono juu ya godoro kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Alivipachika mwenyewe. Kila alipokuja likizo, kabla hata ya kuvua viatu, alipita dirisha moja baada ya jingine akivigonga vioo kwa kidole na kusikiliza. Mimi niliamini hakuna nyumba ya kifahari kama yetu katika Mbeya nzima. Asubuhi jua lilipenya kioo cha sebuleni na kuchora mraba wa joto juu ya kitanda kidogo cha Lusajo, ambacho mama alikuwa amekiweka pale makusudi, ili mtoto apate joto wakati wa baridi.

Hicho kioo cha sebuleni ndicho kilichopata ajali. Lori la viazi lilikuwa linapanda, tairi likarusha kokoto, nasi tuliokuwa ndani tukasikia mlio mmoja mkavu, tak, basi. Tulipotoka kuangalia tuliona kidonda kidogo kwenye kona ya chini, ukubwa wa punje ya harage, na kutoka hapo mstari mwembamba kama unywele. Mama alikipapasa kwa kidole.

"Afadhali," alisema. "Kidogo tu. Baba yenu akija atakiangalia."

Yale madirisha yalikuwa ya baba. Sijui nielezeje zaidi ya hapo. Mama alikuwa anapanda hata juu ya bati kuziba tundu, alikuwa anachinja kuku mwenyewe, lakini vioo havikuwa kazi yake, na sidhani kama alikuwa amewahi kujiuliza kwa nini.

Jirani yetu Mama Eliza alikuja siku hiyo hiyo kuomba makaa ya kuwashia moto. Alipouona ule mstari aliinama, akauchunguza.

"Mwenzangu, usiuache huu. Ufa wa kioo unatembea."

"Unatembea?" nikauliza mimi.

"Unatembea, tena wakati nyie mmelala." Akacheka, akachukua makaa yake akaenda zake.

Yeye alisema kama watu wazima wanavyosema. Mimi nilichukua kama mtoto anavyochukua. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba ndani ya kioo chetu kuna kitu chenye miguu, chembamba kama tandu, na kwamba kinatoka kwenye kona kinaelekea mahali. Nilichukua kipande cha sabuni, nikaweka alama pale ufa ulipoishia. Kulipokucha nikaenda kutazama kabla ya kunawa uso. Ufa ulikuwa umeipita alama. Nikaweka alama nyingine, na asubuhi iliyofuata, baada ya baridi kali, ulikuwa umeipita na hiyo. Haikuwa hadithi tena. Kitu kilikuwa kinatembea kweli, na nilipofuata kwa macho njia yake, niliona kinaelekea chini na katikati, moja kwa moja juu ya mto wa Lusajo.

Nilifanya niliyoyaweza. Nilimgeuza Lusajo alale kichwa kikiwa upande wa miguuni, mama akamrudisha. Nilikiambia kile kitu kwa sauti ya chini kwamba mdogo wangu hana kosa lolote. Mwisho nikachukua plasta kutoka kwenye kopo la dawa, nikaubandika ufa wote kama unavyofunga kidonda. Mama aliporudi kutoka sokoni akaiona, akacheka mpaka akakaa chini.

"Tusa, kioo hakiumwi."

"Kinatembea, mama. Kinakuja kwa Lusajo."

Akaacha kucheka. Alikuja karibu, akazitazama alama zangu za sabuni zilivyofuatana. Kitenge chake kilikuwa bado kimejaa vumbi la mchele.

"Kweli umesogea," alisema. "Nitamtafuta fundi."

Fundi alipatikana Mwanjelwa, akasema atakuja kesho. Kesho yake akasema kesho. Mama akamtumia ujumbe baba kupitia dereva wa gari la mpunga, na jibu likarudi kwamba mashine inakoboa mfululizo, msimu umepamba moto, haruhusiwi kutoka, ila kioo kiachwe hivyo hivyo, atakuja kukishughulikia mwenyewe. Tukakiacha. Upepo wa katikati ya mwaka ukaanza, ule unaoshuka milimani ukiwa mkavu na baridi, unaopuliza vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa.

Asubuhi moja ya upepo huo Lusajo alikuwa anakataa kuamka. Mama alikuwa amekoroga uji wa ulezi, akamwita, akamwita tena, halafu akaja akamnyanyua kitandani na blanketi lake akamweka mapajani kwenye kochi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Upepo ukaupiga mlango wa mbele, mlango ukajibamiza, nyumba ikatetemeka, na kioo kikashuka. Hakikupasuka kwa kishindo kama kwenye sinema. Kiliteleza, kwa mlio kama wa maji, nusu yake nzima ikatumbukia juu ya mto na kusimama pale, imechomeka, imeingia kwenye godoro. Vipande vidogo vikaendelea kudondoka juu ya shuka, kimoja kimoja.

Lusajo alikuwa anautazama mto wake. Mama alikuwa amemkumbatia kwa nguvu hata mtoto akaanza kulalamika, na uji kwenye kikombe changu ulikuwa unamwagika kwenye vidole bila mimi kusikia moto.

"Mungu wangu," mama alisema hatimaye, polepole. "Nilikiona. Nilikuwa nakiona kila siku."

Aliziba pengo kwa boksi na gunia la mchele. Lakini boksi halizuii baridi ya Mbeya. Chumba kikawa giza mchana na baridi usiku, na Lusajo aliyekuwa na mafua ya kawaida akaanza kupumua kwa taabu, mbavu zikiingia ndani. Tulimpeleka kituo cha afya. Wakasema ni kifua, wakamlaza, wakamchoma sindano. Mama alikaa naye, mimi nikalala kwa Mama Eliza. Niliporuhusiwa kwenda kuwaona, nilimkuta mama amekaa kwenye benchi la wodi ya watoto, mtoto amelala begani, na macho yake yakiwa kwenye madirisha ya wodi. Alikuwa anaangalia jinsi vioo vilivyoshikiliwa. Nilifikiri anasali.

Lusajo alipata nafuu, akarudi nyumbani mwembamba na mkorofi kuliko alivyoondoka. Mama hakupumzika hata siku hiyo. Alimwacha kwa Mama Eliza, akanishika mkono.

"Tunakwenda mjini," alisema. "Nimechoka kungoja."

Duka la vifaa vya ujenzi alilolijua lilikuwa la Bi Zubeda, mama mzee wa Kiislamu, wa ukoo wa Kihindi, aliyezaliwa Mbeya na kuzeekea hapo. Alisalimia wateja wake kwa Kinyakyusa bila kujikwaa, "Ugonile, mama," na ukimjibu vizuri anafurahi. Tangu mume wake alipofariki, vioo alikata yeye. Mama alitoa kwenye pindo la kitenge uzi wa pamba aliokuwa amepimia dirisha na kuufunga mafundo. Bi Zubeda akaupima, akamtazama mama, akataka kusema neno, akaacha. Akakata. Tukarudi tumekibeba kioo ndani ya gazeti, mimi nikitembea mbele kuwaambia watu watupishe.

Kioo hakikuingia. Kilikuwa sawasawa kabisa na tundu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mama alikisukuma huku, kikagoma kule. Akakigonga kidogo kwa kiganja. Kona ikavunjika, na ufa mpya ukakimbia kutoka upande mmoja mpaka wa pili mbele ya macho yetu. Mama alikaa chini ukutani, nje, akaweka mikono juu ya kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Mama Eliza aliyekuwa anaangalia kutoka kwake akasema, "Si umngoje tu baba watoto, jamani."

Mama akainuka. "Twende, Tusa."

Bi Zubeda alipotuona tunarudi hakushangaa.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka kukwambia, nikaogopa utaniona namdharau mteja. Kioo hakibanwi, mwanangu. Mbao inavimba wakati wa mvua, inasinyaa wakati wa jua. Ukikibana kitavunjika tu. Lazima uache nafasi pande zote."

"Nafasi kiasi gani?"

"Kidogo. Kama..." Akatafuta mfano, akatazama kitenge cha mama chenye vumbi la mchele. "Wewe si unauza mchele? Unene wa punje ya mchele. Kila upande punje moja."

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wodini. Kipimo hicho hakuhitaji kukiandika popote.

"Bi Zubeda," alisema, "usinikatie. Nifundishe nikate."

"Kukata kioo?"

"Nina vioo nyumba nzima, na mume wangu yuko mbali. Nikiwa nangoja watu, watoto wangu watakuja kuumia."

Yule mama mzee alimpima kwa macho. Halafu akafungua droo, akatoa kijiti cha shaba chenye ncha ndogo inayong'aa, akakiweka juu ya kaunta.

"Hiki kina almasi," alisema. "Ni cha marehemu. Hakitoki dukani, lakini jioni nikishafunga mahesabu njoo ujaribu kwenye mabaki."

Tulikwenda jioni nyingi. Mimi nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikitazama. Unapaka mafuta kidogo kwenye mstari, unaweka rula ya mbao, unavuta ncha mara moja tu kwa mkono usiosita, na kioo kinatoa mlio kama kitambaa kipya kinachochanwa. Ukirudia mstari, umeharibu. Halafu unakipeleka ukingoni mwa meza, unakibonyeza, na kinaachia. Mwanzoni kilikuwa kinaachia kokote kilikotaka, na Bi Zubeda alisema tu, "Kingine." Siku mama alipopata mkato wake wa kwanza ulionyooka, alikinyanyua kile kipande kidogo kwenye taa na kukitazama kama pete. Ni hapo pia nilipomuuliza Bi Zubeda kuhusu kitu chenye miguu.

"Hakuna kitu," alisema. "Jua linakinyoosha kioo, baridi inakikunja. Sehemu yenye kidonda inachoka, inafunguka zaidi. Ndiyo maana unakitengeneza kikiwa bado kidogo."

Nilifarijika, ingawa nilisikitika kidogo pia. Nilikuwa nimepigana nacho vita virefu.

Dirisha la sebuleni lilipachikwa siku yenye jua. Mama alikwangua pati ya zamani kwa patasi mpaka mbao ikawa safi, akaisugua na mafuta, akatandika pati mpya laini, akakiegemeza kioo juu yake, akakisukuma kwa ncha za vidole kuzunguka pande zote. Kiliingia. Kilikaa. Akapigilia vijisumari visivyo na vichwa, akipiga kwa ubavu wa patasi, ameuma ulimi. Kazi yangu ilikuwa kuviringisha pati iwe kama tambi na kumpatia, naye anaibandika pembeni na kuilainisha kwa kisu. Haikutoka vizuri. Ilikuwa na mabonde na milima kama Mbeya yenyewe. Lakini mraba wa jua ukarudi kitandani, na Lusajo akapanda juu yake na viatu.

Baada ya hapo kukawa na sheria nyumbani. Kioo kikipata hata alama, kinaangaliwa siku hiyo hiyo. Mama alikuwa anapita madirisha yote kila Jumamosi, anapapasa kona kwa kidole gumba, na akikuta pati imelegea anaibandua na kuijaza upya kabla hajaenda popote. Mama Eliza, ambaye sasa alikuwa na dirisha moja la kioo, alikuwa wa kwanza kumwita. Wakafuata wengine. Bi Zubeda aliponunua kifaa kipya alimpa mama kile cha shaba, akakifunga kwenye kitambaa cha kijani. Mama alimshukuru sana kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo."

Shuleni watoto wakaanza kunicheka kwamba mama yangu anafanya kazi za wanaume. Nikawajibu kwa kitu kilichonijaza kifua.

"Mama yangu ana almasi."

Wakaangua kicheko. Mwalimu akaja kuuliza kuna nini, wakamwambia Tusa anadanganya, anasema kwao wana almasi. Nikashikilia. Akaniambia nimlete mama. Nadhani alitaka kumwonya juu ya mtoto mwongo. Mama alikuja na mfuko wake wa kazi, akatoa kile kijiti mbele ya darasa, akakata kipande cha kioo kwa mvuto mmoja mrefu, krrr, akakigawanya katikati bila chenga. Kisha akaelekeza kidole kwenye dirisha lililokuwa nyuma ya kiti cha mwalimu.

"Lile lina ufa, mwalimu. Nikiruhusiwa nitalitengeneza leo."

Sikuwahi kuitwa mwongo tena.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuniacha nifurahi kabisa. Baba alipokuja msimu ulipokwisha, alipita kwenye madirisha kama kawaida yake, akigonga na kusikiliza. Alipofika la sebuleni akasimama. Akapitisha kidole juu ya ile pati yenye mabonde. Mama alikuwa anakuna nazi, akaacha kukuna.

"Ningekuja," baba alisema.

"Kioo kiliangukia kwenye mto wa mtoto, Baba Tusa."

Baba alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka chakula kikaiva. Mimi nikahitimisha kwamba amekasirika, kwamba mama amemnyang'anya kitu chake, na likizo nzima nilikuwa nawapitia katikati kama mtu anayebeba trei ya glasi. Hawakugombana. Waliongea mambo ya mchele na ada na paa. Madirisha hayakutajwa, na baba akarudi Ubaruku.

Mvua zikaja. Alasiri moja, siku zile baba alipokuwa akitegemewa tena nyumbani, mbingu ikawa na rangi ya risasi, na mawe yakaanza kushuka. Mbeya tunaijua mvua ya mawe, lakini ile ilikuwa nyingine. Mawe makubwa kama mayai ya kwale, yakipiga mabati mpaka tukashindwa kusikiana tukiwa chumba kimoja. Mama alituweka chini ya meza. Ilipokwisha, bustani ilikuwa nyeupe na majani ya migomba yamechanika kama nyuzi. Tukapita dirisha moja baada ya jingine. Vioo vyetu vilikuwa vizima vyote. Upande wa barabara nyumba nyingi zilikuwa zimevunjikiwa vioo.

Kesho yake muuguzi wa kituo cha afya, dada mmoja aliyemhudumia Lusajo, alikuja mwenyewe mlangoni, amelowa viatu.

"Mama Tusa, wodi ya watoto haina dirisha hata moja upande wa milimani. Vioo tumeletewa, vimeegemezwa tu ukutani. Mafundi wote wameshachukuliwa na watu wa maduka, wanasema wiki ijayo."

Mama alikuwa anapima mchele wa mteja. Aliuacha kwenye ndoo.

"Watoto wangapi wana kifua?"

"Karibu wote."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko. "Tusa, chukua pati yote iliyopo."

Wodi niliikuta si ile niliyoikumbuka. Vitanda vyote vilikuwa vimesukumwa ukuta mmoja, watoto wawili wawili kitanda kimoja, na akina mama walikuwa wamesimama kwenye madirisha wakishikilia khanga na mablanketi dhidi ya upepo. Mmoja alikuwa ameshika khanga kwa meno, mikono yake ikiwa na mtoto. Mama alisalimia, akavua sweta, akaomba meza isogezwe. Akaanza kupima. Kila mara alipopima alitoa punje moja huku, punje moja kule, akinong'ona. Akavuta almasi. Akina mama walishtuka kwa ule mlio, halafu wakauzoea. Nilikwangua fremu, nikaviringisha pati, mpaka viganja vyangu vikawa vinateleza mafuta. Dirisha la kwanza lilipoziba, yule mama wa khanga aliishusha polepole, akaweka kiganja juu ya kioo, akakaa chini akamnyonyesha mwanawe.

Tuliendelea hivyo, dirisha baada ya dirisha, na upepo ndani ya wodi ukawa unapungua mpaka ukasikia watoto wakipumua.

Yalibaki madirisha ya juu, yale ambayo mama alilazimika kuyafikia akiwa juu ya stuli iliyowekwa juu ya meza. Mimi nisingeweza kumpandishia kioo, mikono yangu ilikuwa mifupi. Alikuwa bado anatafuta namna, amesimama kule juu, kisu mdomoni, pale mlango ulipofunguliwa na baba akaingia.

Alikuwa na begi lake begani na vumbi la safari kwenye nyusi. Alikuwa amesikia habari za mawe akiwa njiani, akateremka stendi akaenda mbio nyumbani, akakuta mlango umefungwa. Mama Eliza ndiye aliyemwelekeza. Alisimama akaangalia wodi nzima, vioo vipya vilivyofuatana ukutani, pati ikiwa imelainishwa sasa kama siagi, bila bonde hata moja. Akalisogelea dirisha la karibu. Akakunja kidole, akagonga, akainamisha sikio. Akagonga la pili. Halafu akainua macho kwa mama, na mama akatoa kisu mdomoni.

"Umerudi, Baba Tusa," alisema. "Pole na safari."

"Nimeshapoa," alijibu.

Muuguzi mwingine, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia zamu, alipomwona mwanaume amesimama katikati ya vioo akamwendea akiwa ametabasamu.

"Shikamoo baba. Asante sana kwa kutuokoa. Wewe ndiye fundi?"

Baba aliweka begi lake chini. Alikunja mikono ya shati, mmoja, halafu mwingine, akainama, akakinyanyua kioo kilichokuwa kimeshakatwa kwa uangalifu na kukiinua juu ya kichwa chake kuelekea kwenye mikono ya mama.

"Hapana, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. "Mimi ni mume wa fundi."

"Kiinue kidogo kushoto," mama alimwambia kutoka juu. "Hapo hapo. Usikibane."